Mustari ya mafuta mu garage ya Patron Kaumba

Kazi ine, siku ya ine ya kazi mu hii juma, nilikuwa chini ya motokari, mugongo juu ya karton, wakati nilisikia muntu pa mulango ya atelier, karakana yangu, anasema: “Hodi, maman ya courant.” Sikutoka mbio. Ile sauti naijua. Miaka saba nilikuwa naitengenezaka mu kichwa namna gani siku moja itanifikia, maneno gani nitaijibu, na nitakuwa nimevaa nini. Nilikuwa najiona mu robe ya muzuri, na bantu mingi pembeni. Sasa ilifika, na miye niko na graisse mpaka mu nyushi. Niliona kwanza biatu, biatu bya muntu mwenye alitembea mingi. Kisha suruali. Kisha mikono mbili yenye inakumbatia mufuko ya mbolea, na ndani ya mufuko kintu ya bapa, ya chuma. Kipande ya batri ya motokari ya courant, ile ya umeme. Nilitoka chini polepole, na njo yeye, Patron Kaumba. Alikonda. Ndevu yake iligeuka mweupe pa kidevu tu, kama alitumbukiza kinywa mu bunga.

“Numbi,” alisema, “mi natoka Dilolo juu ya hii kintu tu. Niko na motokari moja kule, ya mwalimu moja, imenyanyuliwa juu ya ba cric tangu juma mbili. Nikiweka kipande ya mubaya, nitafungua tena yote. Bananiambia hapa Kolwezi hakuna mwingine mwenye anapimaka kama weye.” Hakusema pardon. Nilingoya kidogo, juu nilifikiri pengine pardon iko inakuya nyuma, inatembea polepole. Haikukuya.

Mbele niandike nilimujibu nini, lazima niandike ule mwaka, juu bantu benye banatumika na miye leo banafikiri nilizaliwa na kipimo mu mukono. Nilikuwa na miaka kumi na kenda, na diplôme d'État ya section électricité, yenye nilifunga mu plastiki juu vumbi ya Kolwezi haina heshima ya karatasi. Garage ya Kaumba ilikuwa pa barabara yenye inaenda Mutoshi: kibambazi ya matofari, hangar ya manjanja, ya bati, na inje ba camion ba minerai, mawe ya madini, banapita kutoka asubui mpaka jua inashuka, banatupandishia vumbi mwekundu, mpaka hata bukari, ugali yetu, ilikuwaka na rangi kidogo, kama bukari yenye inasikia haya. Nilifika pale na diplôme yangu, Kaumba aliisoma, aliigeuza nyuma kuona kama kuko kintu, alisoma tena. “Félicitations, ma fille,” alinipongeza. Na alinionyesha mbabula ya kupikia.

Kaumba alikuwa creuseur, muchimbaji ya mikono, miaka munane ku Mutoshi, na alitoka mu kishimo na mambo mbili: feza ya kufungua garage, na sheria ya kishimo. Kule, bacreuseurs banafungaka kamba mbali na mulango ya kishimo, na mwanamuke anaishia pa kamba. Akipita, banasema, minerai inakimbia. Jana ulikuwa na mushipa ya madini ya mweusi, muzito, leo unakuta udongo ya bule tu. Wazazi yetu banatusimuliaka ile, tunacheka, lakini hakuna dada mwenye anapita kamba. Kaumba aliileta ile sheria mu garage. Alitumbukiza pinceau mu mafuta ya zamani ya moteur na alipiga mustari moja juu ya sima, sementi ya chini, kutoka kibambazi mpaka kibambazi, mweusi, pana kama mukono. Ku upande moja, mbabula, masaani na miye. Ku upande ingine, bamotokari.

“Patron,” nilimwambia siku ya kwanza, “hapa iko garage. Haiko kishimo.”

“Chuma yote inatoka mu kishimo, ma fille. Inakumbukaka.”

Basi nilipika. Nilipika sombe, nilipika lengalenga, nilipika samaki ya tomson na tomate, nilikoroga bukari ya banaume kenda. Na nilikuwa narusha bifungulio, ma spana. Trésor, mécanicien mwenye alikuwa na kinywa kushinda bote, analala chini ya motokari, anapiga kelele: “Numbi, treize!” na miye narusha kifungulio namba treize juu ya mustari. “Numbi, dix-sept!” Narusha. “Numbi, bibi ya kunipenda!” Narusha kipande ya bukari. Tulikuwa tunacheka. Sitaki kusema buongo: kuko siku nilikuwa nacheka na moyo. Lakini kila muchana, nikimaliza kusafisha masaani, nilikuwa naikala mu kile kijumba ya mbao kwenye tulikuwa tunawekaka makala, na namusikia Kaumba ku upande ingine anafundisha banaume courant. Alikuwa anawafundisha mubaya. Alikuwa anasema volte na ampère iko kintu moja, inategemea kama muntu ni Mubelgi ao Muchina. Na miye niko na makala mu mikono, naluma midomo.

Motokari ya Maman Régine ilifika wakati ya baridi, mu mwezi ya sita. Maman Régine alikuwa directrice, mukubwa ya masomo ya primaire karibu na sisi, mwanamuke mufupi, sauti ya kengele. Alinunua ile motokari ya zamani, ya bulu, usukani kuume, ilipita Dar es Salaam na Kasumbalesa, juu essence, petroli, ilikuwa inakosekana na ba chauffeur banalala mu mustari ya kuinunua. Motokari ya courant, haikunywa essence hata tone. Mutaa yote ilikuya kuiangalia. Haikuwa inalia. Ilikuwa inatambaa kama nyoka mwenye alisoma. Lakini batri yake ilizeeka kule ilitoka: asubui anaijaza mpaka mwisho, anafika ku soko, anarudia nusu ya njia, inamuacha. Batoto ba masomo balikuwa banaisukuma na banaimba. “Tuko tunaikala juu ya kobalti ya dunia yote,” Maman Régine alisema, “na motokari yangu inakufa na njaa ya kobalti. Kaumba, hii matusi unieleze.”

Kaumba alimuletea batri ingine kutoka Lubumbashi, ya motokari ya namna moja yenye camion iliponda mbele. Sasa muelewe, juu sina patience ya kueleza mara mbili: ile batri iko sanduku moja pana chini ya motokari, na ndani muko bipande makumi ine na munane, bapa kama kitabu ya misa, imefungwa moja na ingine kama mikono ya bantu benye banacheza. Moja ikiwa zaifu, inaangusha yote. Zamani makumi ine na munane, ya ajali makumi ine na munane. Kazi ilikuwa kuchagula mu ile yote makumi ine na munane ya muzuri, na kuirudisha. Kintu ya kwanza yenye inafanywaka, unatosha, unachomola, fiche ya orange yenye inakata courant, juu mule ndani muko courant ya kuua ngombe. Banaume balianza kufungua bila kuitosha. Miye nilikuwa naponda pili-pili. Nilipiga kelele mpaka koo ilipasuka: “Trésor! Fiche ya orange! Usiguse!” Trésor alisimamisha mukono. Alitosha fiche, jasho ilimutoka mu ile baridi. Kaumba aliangalia miye, aliangalia fiche. “Tulikuwa tunajua,” alisema. “Pika.”

Ile “pika” iko mu cahier, daftari yangu, mpaka leo, na tarehe.

Kisha niliona namna Kaumba anachagula. Nilifikiri iko mchezo. Ku kishimo, creuseur ya kweli hana lazima ya mashine: anakamata jiwe, anafunga macho, anaipimisha mu kikanja, na anakwambia kama iko na kobalti ao iko jiwe ya kutupa. Jiwe ya mweusi, muzito, njo iyo. Na kwa mawe, Kaumba alikuwa mukubwa kweli, bantu balikuwa banamuheshimu juu ya ile mukono. Sasa alikamata bipande bya batri moja moja, alifunga macho, alitikisa kidogo. “Hii iko muzito. Iko na kobalti.” Anaiweka kuume. “Hii iko mwepesi, kobalti yake bailikula.” Anaiweka kushoto. Banaume benye balisimama pale, na ndevu na akili, banatikisa vichwa kama ku kanisa. Lakini kipande ya batri yenye ilikufa na kipande yenye iko nzima, biko na buzito moja! Muntu mwenye alikufa na muntu mwenye analala, pima, utaona kilo iko sawasawa.

Nilisema. Nilisimama pa mustari, makidole ya miguu yanagusa mafuta, na nilisema: “Patron, na heshima yote, bile bintu banapima na kipimo ya volte. Na unaiwashia mataa, unaona kama inaanguka. Mukono haiwezi kujua.”

Kaumba hakukasirika. Alichekelea, na ile njo ilikuwa mubaya kushinda. “Munasikia? Diplôme inasema.” Na bote balicheka, na Trésor mwenye nilimuokolea mukono, na yeye alicheka.

Banaume balikuwa banavukaka barabara muchana kuenda kununua michopo, nyama ya kuchoma ya mbuzi, kwa muuzaji moja Muluba, juu balisema tomson yangu iko na miba mingi. Garage inabakia na miye. Siku ya kwanza nilivuka mustari. Nilivua sapatu mbele, sijui juu ya nini, kama muntu mwenye anaingia mu sakristia. Nilikuwa na kipimo yangu ya masomo, na nilifunga mataa ine ya phare, ya mbele ya motokari, pamoja. Nakamata kipande, napima. Nawasha mataa ine dakika moja, napima tena. Naandika. Siku ine muchana nilifanya vile, mpaka nilimaliza bipande byote. Bingi byenye Kaumba aliweka kuume bilikuwa bigonjwa. Namba kumi na saba, yenye alisifu mbele ya bote kama bibi-harusi, ilianguka kutoka volte saba na nusu mpaka tano, na mataa yalikuwa kama makala yenye inazimika. Nilipiga musalaba ya chokaa juu ya bya mubaya. Niliona kama nafanya kazi ya Mungu.

Ile siku ya ine, Kaumba alirudia kuchukula kofia yake. Alinikuta niko nimechutama kati ya bipande, bila biatu, na chokaa mu mukono. Hakupiga kelele. Alisimama tu, na niliona aliogopa. Njo kintu yenye nilichelewa kuelewa: aliogopa kweli.

“Uligusa yote?”

“Nilipima yote, Patron. Angalia, namba kumi na saba—”

“Toka. Rudia kwako. Futa ile misalaba yako.”

Nilirudia nyuma ya mustari. Alinisukumia bipande moja moja na mukia ya balai, fagio, mpaka pa mafuta, na nilifuta na kitambala ya masaani, moja moja, mbele ya banaume benye balikuwa banarudia na michopo mu kinywa. Nilifuta namba kumi na saba. Niliona anaikamata tena, anafunga macho, anatikisa. “Iko muzito,” alisema, kama muntu mwenye anajituliza. Na aliiweka kuume.

Pale njo niliamua kunyamaza. Mwaka yangu ilianza pale, haikuanza pa diplôme. Kesho yake, kazi tano, Maman Régine alipita, alikuwa na furaha, juu kesho, siku ya posho, dada yake ya mwisho anaolewa ku Fungurume, na ni yeye njo alikuwa anabeba robe. Aliniuliza pa mbabula, polepole, mwanamuke na mwanamuke: “Numbi, miye nakuamini weye. Inaenda muzuri?” Cahier ilikuwa mu mufuko ya tablier yangu, inagusa tumbo. Nilijibu: “Patron njo anajua, maman.” Nilikuwa naona ile batri inakufa mbele ya bantu, nilikuwa naona Kaumba anapiga magoti. Nilikuwa naisikilia utamu kama kintu yenye iko mu sani tayari.

Ilikufa. Ilikufa mu mupando mbele ya Fungurume, kati ya bacamion, na robe ya bibi-harusi mu kiti ya nyuma. Maman Régine alifika ku harusi na camion ya mizigo, wakati banakunja biti. Dada yake aliolewa mu robe ya jirani. Kazi moja asubui, siku ya kwanza ya juma, motokari ilirudia inavutwa na kamba, na nilikuwa pa mustari, nilisuka nywele, juu nilijua hii njo siku yangu.

Maman Régine hakupiga kelele. Yeye akikasirika anaanza kusema kama anasomea batoto dictée, imla. “Patron Kaumba. Uli-ni-a-mbia. Batri. Iko. Nzima.”

Na Kaumba, sikuona hata anafikiri, alinyoosha kidole. “Batri ilikuwa nzima, maman. Uliza huyu. Alivuka. Aligusa yote, moja moja, na mikono yake ya mwanamuke. Kobalti ilikimbia. Mi niliona na macho yangu, na banaume hawa bote baliona.” Na banaume balitikisa vichwa. Trésor aliangalia biatu yake.

“Kobalti ilikimbia,” Maman Régine alirudilia. “Kaumba, ile batri iko chini ya kiti. Mi naikalaka juu yake kila asubui. Matako yangu iko ya mwanaume?”

Mutaa yote ilicheka, hata bacreuseurs benye balikuwa banapita na mifuko. Lakini kicheko haikunisaidia. Kaumba alingoya inaisha, alijibu: “Kuikala na kugusa haiko kintu moja, maman. Mwanamuke anapitaka pembeni ya kamba na muzigo ku kichwa, hashuke mu kishimo.” Na bantu balimukubalia, juu ile njo sheria yenye bote balikulia ndani. Kintu yenye niliingoya ilifika kweli, batri ilikufa mbele ya bantu, na ile kufa ilimusaidia yeye. Alinifukuza pale pale. Sahani yangu ya kulia alinirushia juu ya mustari.

Balinipatia jina: Kimbiza-kobalti. Nilienda ku garage ingine, banauliza jina, banacheka, banafunga mulango. Ku soko, maman wa tomate anavuta bassin: “Usiguse, yaya, dada yangu, zitakimbia mpaka Likasi.” Alikuwa anacheza tu. Mi sikuwa nacheza. Kila siku, mbele ya kula, nilikuwa nafungua cahier na naandika jina ya Kaumba pa mwisho ya ukurasa, na chini yake namba kumi na saba. Miezi tatu. Nilikonda. Nilikuwa namuombea asikufe, juu nilitaka anione.

Mwezi ya kenda nilienda kwa Maman Régine na cahier. Aliniikalisha mu cuisine yake, alinitilia wali na maharagi, na alisoma namna directrice anasomaka, na kalamu ya bic mwekundu mu mukono. Alisoma namba zote. Kisha alirudia pa ukurasa ya kwanza, aliangalia tarehe. Alihesabu na makidole.

“Ulimaliza kupima kazi ine,” alisema. “Mi nilikuuliza kazi tano.”

Niliendelea kutafuna wali.

“Dada yangu mpaka leo hataki kuangalia bapicha ya harusi yake.” Alifunga cahier, aliisukuma kwangu. “Kula. Usinilie hapa, kula. Kisha utanitengenezea motokari yangu. Hautaifanya juu ya kumupiga Kaumba haya. Utaifanya juu ya motokari. Tunasikilizana?”

“Ndiyo, maman,” nilisema. Nilikuwa namudanganya mara ya pili.

Alimupeleka Kaumba habari: siku ya posho anataka chaguzi ifanywe tena, mbele ya bantu, yeye na mukono yake, miye na mataa yangu. Kaumba hakuweza kukatala. Angekatala, jina ya mukono yake ingekufa. Bantu balijaa tangu asubui, bacreuseurs ba Mutoshi bale bote benye balimujua, wauzaji ba beignets, mandazi, batoto juu ya kibambazi. Nilileta mataa yangu. Kaumba aliniomba nisimame nyuma ya mustari, na nilisimama, na nilifurahi kusimama, juu nilitaka kila kintu ifanyike na mikono yake. Alichagula bipande ine byenye alisema biko bizuri kabisa. Ya kwanza ilikuwa kumi na saba. Niliijua na mukwaruzo yake pa kona. Miye nilichagula ine mu bile byenye yeye alitupa kushoto, bipande bya kobalti yenye bailikula. Zote zilijazwa courant namna moja tangu jana, mbele ya Maman Régine. Trésor alifunga waya. Mataa ine kwa kila kipande. Tuliwasha.

Kwanza bantu balishangilia, juu yote iliwaka. Kaumba alikunja mikono. Tuliingoya. Maman moja alianza kuuza munkoyo ya kunywa. Mbele saa moja ipite, mataa ya kumi na saba yaligeuka manjano, kisha rangi ya machungwa, kisha uliona kinyuzi chekundu tu ndani ya kioo. Ilizima. Ya pili ilizima. Kaumba alisogea, alikamata kumi na saba mu mikono, alifunga macho, mbele ya bantu bote alifunga macho na alitikisa. “Lakini iko muzito,” alisema. Polepole, kama anaulizia muntu. “Iko muzito!”

Ni creuseur moja ya zamani, rafiki yake, njo alianza. Alimupatia jina pale pale: “Papa Kilo, hata maiti iko muzito.” Na kicheko ilipasuka pale mpaka batoto balianguka ku kibambazi. Bipande yangu ine iliwaka mpaka saa ya kula ilipita. Mi sikucheka. Nilimuangalia. Nilivuka mustari na biatu yangu mu miguu, polepole, nilikamata ile kipande mu mikono yake, na nilimwambia, yeye tu asikie: “Pika.”

Kumi na tano ya siku kisha, motokari ya Maman Régine ilienda Fungurume na ilirudia, bila kusukumwa. Alinipatia dépôt ya zamani, stoo, ya masomo yake nifanye atelier, lakini ile siku ya posho, mbele ya kurudia kwake, aliniambia kintu: “Ulishinda. Sasa muachie.” Sikumuachia. Jina ya Papa Kilo nilihakikisha inatembea. Nilikuwa naisema ku soko, ku kanisa, kwa ba chauffeur. Bantu balianza kumuletea Kaumba mawe ya njia, banamuuliza: “Papa Kilo, hii iko na kobalti?” Wateja balipunguka, banaume baliondoka moja moja, Trésor alikuya kwangu. Mwisho wa mwaka Kaumba alifunga hangar na alipanda train ya Dilolo na valise moja. Nilienda ku gare. Sikumupungia mukono. Nilisimama tu pale anaweza kuniona. Ilikuwa utamu, na nikisema haikuwa, hii cahier yote itakuwa buongo.

Basi, kazi ine ya hii juma. Alisimama mu mulango na mufuko yake. Mu atelier yangu hakuna mustari, haikukuwaka. Nilienda mu kona, nilifungua bidon ya mafuta ya zamani, nilitumbukiza pinceau, na nilipiga mustari mbele ya biatu yake, kutoka upande moja ya mulango mpaka upande ingine. Trésor alisimama na kifungulio mu mukono, kinywa wazi. Kaumba aliangalia chini. Aliielewa. Alirudisha muguu ya kuume nyuma, kidogo, juu makidole ilikuwa imevuka.

“Tosha ile kintu mu mufuko,” nilisema.

Alitosha. Nilinyoosha waya juu ya mustari, nilifunga mataa ine. Kuko meza pembeni. Alitaka kuiweka pa meza.

“Hapana. Shika. Weye njo unajuaka buzito.”

Nilifikiri atakasirika, atanitukana, atarudia Dilolo, na nitakuwa nimemufukuza mara mbili. Alinyoosha mikono mbele, bikanja juu, na alishika. Niliwasha. Mataa ilitoa mwangaza mweupe, ya kusimama. Niliweka kiti yangu mbele yake, niliikala, nilifungua cahier. Kama kipande iko mubaya, atashika saa moja. Kama iko muzuri, atashika masaa tatu na nusu. Ile muchana nilimuombea Mungu, na moyo yangu yote, kipande ya Kaumba ikuwe muzuri.

Nusu saa ilipita. Trésor alisema chini chini: “Yaya Numbi, inatosha.” Sikugeuka. Mikono ya Kaumba ilianza kushuka, aliinua, ikashuka tena, mishipa ya shingo ilisimama. Ile mikono, bacreuseurs balikuwa banatoka mbali kuiletea mawe. Mataa haikupunguka hata kidogo. Kipimo yangu ilisema volte saba na robo tatu, na haikusogea. Ilikuwa kipande ya muzuri kushinda yote yenye nilipima huu mwaka. Nilikuwa najua tayari. Dakika tano zilitosha kujua. Mwalimu yake ya Dilolo atatembea. Sikumwambia.

“Numbi,” alisema. Jasho ilikuwa inamwanguka pa ndevu. “Mikono.”

“Inasema nini, mikono? Iko mwepesi?”

“Iko muzito.”

“Basi iko na kobalti,” nilisema, na nilifungua ukurasa mupya. “Shika.”